Bata Kofia wa Mdomo wa Bluu

Kwenye lambo la kwetu kuna bata wadogo wa aina mbili, na mtu anayekuja kunywesha ng'ombe hawezi kuwatofautisha. Wote wana utosi mweusi kama wamevaa kofia ya kufuma, wote wana mashavu meupe, na wote wakiona mtu hawapigi kelele, wanajisogeza tu taratibu kwenye matete mpaka unabaki unatazama maji. Baba aliwaita wote bata kofia. Hilo si jina la kitabuni, ni la nyumbani kwetu.

Aliyenifundisha kuwatofautisha ni yeye. Alichunga ng'ombe kwenye lambo lile utoto wake wote kabla hajawa dereva. "Majini usipime ukubwa," alikuwa anasema. "Bata akiwa peke yake hana wa kulinganishwa naye. Tazama mdomo kwanza." Mwenye mdomo mwekundu ni mkubwa kidogo. Mwenye mdomo wa bluu ndiye mdogo kabisa, nyuma ya shavu ana doa kama aliguswa na kidole chenye masizi, na akiruka unaona kijani kwenye bawa na mstari mweupe nyuma yake. Lakini bawa ni la kusubiri. Mdomo upo muda wote.

Baadaye niliwakuta wote wawili kwenye kitabu cha picha za ndege kwenye maktaba ya shule, kitabu ambacho jalada lake lilishatoka. Baba alikuwa sahihi kwa kila kitu. Sikumwambia. Niliona kama nitaonekana nilikuwa namkagua.

Mimi ni mtu wa aibu. Siyo ile aibu ya kupendeza ambayo watu wanaisifu kwa wasichana. Yangu ni ya kukaa darasani najua jibu na mkono unakataa kupanda. Na kitu kibaya kikitokea sisikii uchungu hapo hapo kama wenzangu. Nakufa ganzi. Ni kama ukiukalia mguu: unauona ni wa kwako, unaugusa, lakini hauna habari na wewe. Ndiyo maana naandika. Kwenye kuandika hakuna anayenisubiri nimalize.

Ilikuwa mwezi wa pili, Jumapili baada ya kanisa. Lambo lilikuwa limejaa, yungiyungi zimefunguka upande wa mbali na ng'ombe. Tulikaa kwenye tuta, baba na mimi, kama kawaida yetu.

"Wale wa bluu hawapo siku hizi," baba alisema.

Wakati anasema hivyo mimi nilikuwa nawatazama. Walikuwa wawili, wanazamisha vichwa kwenye maji ya kina kifupi, wakitoa wanatikisa midomo kama mtu anayesukutua. Jua lilikuwa nyuma yetu. Midomo ilikuwa ya bluu kabisa, ile bluu ya mtungi wa gesi wa mama.

"Yule pale je, baba?"

"Yupi?"

"Kushoto kwa lile gogo."

Alitazama muda mrefu. "Yule mdomo mweusi. Labda kinda. Labda aina nyingine imeingia." Akafuta macho kwa kiganja. "Wamehama, mayu," akasema; kwa Kisukuma huniita mama. "Ni hizi dawa. Watu wanapulizia pamba halafu wanakuja kuoshea mabomba humu humu. Bata ana akili kuliko sisi, ameondoka."

Nilidhani ananipima, kama zamani alivyokuwa ananionyesha wa mdomo mwekundu halafu anasema ni wa bluu ili aone kama nitabisha. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alinyanyuka, akapangusa suruali, tukaenda kula.

Baada ya siku ile nikaanza kumwangalia yeye kama alivyonifundisha kuangalia bata. Chai alikuwa anamimina huku kidole kimoja kimeingia kwenye kikombe kupima. Njiani alikuwa anasubiri mtu aanze kuongea ndipo ajue ni nani. Jioni moja aliingia uani akasalimia kwa heshima zote, "Mwadila, mayu," akielekea kwenye kitenge cha mama kilichoanikwa.

Mama alikuwa jikoni. "Mbona mgeni wako haitikii?" akamuuliza. "Ana maringo huyo, mwambie akae basi."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Na mama alicheka. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Mwanga wa mlango ulimpiga usoni kwa pembeni, nikaona kwenye mboni ya jicho la kulia kuna kitu kama maziwa yaliyoongezwa maji.

Nafikiri alikuwa anajua kidogo. Siku ya mnada alienda kwenye meza ya miwani, nami nilikuwa nimebeba kikapu. Alijaribu moja, akatazama mbuzi, akavua, akavaa nyingine, akatazama mbuzi walewale.

"Mzee, hizo za kusomea," kijana muuzaji akamwambia.

"Ndiyo, nataka kusoma barabara."

Akazinunua. Hazikumsaidia kitu. Mama alipomuuliza kwa nini asiende hospitali mjini Bariadi, alisema amesikia hicho kitu cha machoni lazima kiachwe kiive kwanza, ukikitoa kibichi unapofuka moja kwa moja. Aliambiwa na dereva mwenzake. Mama akaacha. Mama hakuwa anajua ni kiasi gani. Alidhani ni macho ya uzee yale ya kushika simu mbali.

Baba anaendesha Fuso. Siyo yake, ni ya tajiri mmoja wa mjini, lakini amekaa nayo miaka mingi mpaka watu wanaiita kwa jina lake. Msimu wa pamba ukifunguliwa, mwezi wa tano, Fuso ile inazunguka vijijini kukusanya pamba kwenye vyama vya ushirika na kuipeleka kiwandani, na wapakiaji wanapanda juu ya mafurushi, wengine wanalala huko huko juu safarini. Barabara zetu ni udongo mweusi. Ukikosea mtaro mmoja gari linalala ubavu. Hicho ndicho nilichokuwa nakijua, na kila nilipofungua mdomo kumwambia mama nilijikuta namwuliza chumvi iko wapi.

Halafu kulikuwa na tingo wake, msaidizi wake kwenye gari. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, ila kazi yake inaitwa tingo basi na yeye anaitwa hivyo. Siku moja walinikuta barabarani natoka shule, wakanipakia, nikakaa katikati yao. Tingo hakunyamaza hata kidogo.

"Shimo kushoto, suka. Mama na ndoo. Mbuzi. Mbuzi wengine hao, ni familia. Baiskeli haina breki hiyo, mpishe."

"Punguza redio bwana," baba akamwambia, "mtoto amechoka."

"Nikipunguza redio tutaenda kusalimiana na samaki mtoni." Akanitazama, akatabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Sivyo, shangazi?"

Nikaelewa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ndiye anayeona. Nilitazama mikono ya baba kwenye usukani, imetulia, mikono ya dereva mzuri, na sikusikia hofu wala nini. Nilihesabu hao mbuzi.

Mwezi wa tatu kukawa na mkutano wa kijiji. Ulifanyika uwanja wa shule ya msingi, watu wazima kwenye madawati, sisi watoto tumesimama pembeni. Nilikuwa nimembebea mama kigoda. Mtendaji wetu ametoka Mbeya, Kisukuma hajui, kwa hiyo akiwepo mkutano unakwenda kwa Kiswahili, na wazee wakikasirika wanarudi kwenye Kisukuma naye anabaki ameshika kalamu juu.

Walipofika kwenye mengineyo, baba akasimama. Alisema watu waache kuoshea mabomba ya dawa lamboni. Alisema ng'ombe wanakunywa pale, watoto wanaoga pale. Watu wakaguna. Kila mwenye shamba la pamba huosha bomba pale, maji mengine yako mbali.

"Una ushahidi kwamba maji yameharibika?" mtendaji akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Ninao," baba akasema. "Kuna bata wadogo wa mdomo wa bluu. Nimewaona tangu nachunga. Mwaka huu hawapo hata mmoja. Ndege haondoki kwenye maji mazima."

Niliona hoja yake imewaingia. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali.

"Kuna mtu mwingine aliyeona hawapo?"

"Binti yangu huyo hapo. Yeye ndiye anayekwenda kila siku. Mwulizeni."

Watu wote wakageuka. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo. Mama alinigusa mguu nisogee mbele. Mtendaji akasema, "Enhe, binti, usiogope. Hao bata wapo au hawapo?"

Nikiandika sasa naweza kupanga yote niliyoweza kusema. Ningesema sijui. Ningesema hawapo, na labda leo watu wangekuwa wanaosha mabomba yao kwingine. Pale sikupanga kitu. Nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia midomo mpaka magotini, na kwenye ganzi ile nilimwona baba ameelekeza uso upande wangu, lakini siyo kwangu. Alikuwa anamtazama msichana mwingine aliyesimama karibu yangu, tuna sare moja. Anamtazama yule kwa kumwamini kabisa.

"Wapo," nilisema.

"Sema kwa sauti."

"Wapo. Walikuwepo na leo asubuhi. Kwenye yungiyungi."

Uso wa baba ukahama kwa yule msichana ukatafuta sauti ilikotoka. Hapo ndipo na watu walipoona.

"Basi, mzee," mtu mmoja wa nyuma akasema, "bata hawajahama, umehama wewe." Wakacheka. "Nunua miwani," mwingine akasema, "ila usimwulize huyo bata akuchagulie." Wakacheka zaidi, mtendaji akagonga meza. Suala la mabomba halikuzungumzwa tena, wala kwenye mkutano uliofuata.

Mtu mmoja hakucheka. Tingo alikuwa kwenye dawati la mwisho, ameinamia kofia yake kama anaisoma.

Tulirudi nyumbani watatu, mama mbele. Baba hakunigombeza. Usiku nilimsikia mama anauliza, "Tangu lini?" halafu sauti ya baba ambayo sikuishika.

Asubuhi, kabla sijaenda shule, alikuwa amekaa nje na buti zake. "Twende ukanionyeshe," akasema.

Tulifika ukungu unaondoka. Walikuwepo, wa bluu wawili, na wa mdomo mwekundu kundi kubwa kidogo upande wa pili. Nilimwonyesha. Aliingia majini, taratibu, mpaka maji yakafika magotini. Wale wawili wakajivuta, wakajivuta, halafu wakaruka, kijani na mstari mweupe, wakapita juu yetu karibu kabisa. Niliwasikia mabawa.

"Wamepita?" baba akasema.

"Ndiyo, baba."

"Rangi gani?"

"Wale ni wa bluu."

"Na kule ng'ambo, ule weusi ule. Ng'ombe?"

"Ni kichaka, baba."

"Aya." Alisimama pale majini. Maji yalikuwa yanaingia kwenye buti, niliona yanaingia. "Na huyo anayekuja na baiskeli?"

Hakukuwa na baiskeli. Kulikuwa na sauti ya mnyororo barabarani, mtu alishapita. Nikamwambia. Akarudia tena, "Aya," na akatoka.

Siku ile ile alivaa shati la kanisani akaenda mjini kwa tajiri, akampelekea funguo mwenyewe kabla hajasikia kutoka kwa mtu. Alirudi kwa bodaboda. Sikuwahi kumwona baba nyuma ya bodaboda. Alikuwa amemshika yule kijana mabegani kwa mikono miwili, kama watoto wanavyoshika.

Mama hakunilaumu. Alisema tu, akiwa anapika, "Ungeniambia mimi kwanza." Nikasema, "Ndiyo mama." Akasema, "Ukiulizwa kitu hapa nyumbani husemi. Ukasemee mbele ya kijiji kizima." Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama anashangaa nilivyoumbwa. Na mimi nilikuwa nashangaa.

Msimu ulipofunguliwa Fuso ilipita mbele ya nyumba yetu na dereva mwingine, kijana. Alipiga honi kwa heshima. Baba alikuwa kwenye kiti, akanyanyua mkono, akaniuliza, "Mafurushi yamefungwa vizuri?" Nikasema yamefungwa. Hata sikuwa nimetazama.

Tingo alikuwa anakuja siku za mapumziko, anakaa na baba wanakula karanga.

"Huyu kijana vipi?" baba alimwuliza mara ya kwanza.

"Anaona mpaka sisimizi. Ila hajui gia." Akatafuna. "Mimi sasa sina kazi ya kuongea. Nalala mpaka kiwandani. Mdomo unaoza, suka."

"Njoo uongee hapa."

"Si ndiyo nimekuja. Karanga kulia kwako hizo. Kikombe kushoto. Mbuzi hakuna."

Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mkutano. Mimi niliondoka nikaenda kuchota maji ingawa ndoo zilikuwa zimejaa tayari.

Miezi ile niliendelea kwenda lambo peke yangu. Siwezi kusema nilifurahi. Nilikuwa nakaa tu. Ukikaa bila kufikiri bata kofia wanakuzoea. Niliwaona wa bluu na vifaranga, vidogo kama ndimu, vinapita juu ya majani ya yungiyungi bila kuyazamisha. Niliona wanavyolala mchana, mdomo umefichwa kwenye mgongo, na hapo hata mimi sikuweza kusema ni wa bluu au mwekundu, ikabidi nitafute doa la masizi kwenye shavu. Nikirudi baba alikuwa ananiuliza, nami namweleza. Alikuwa anasikiliza akiwa amefumba macho. Mtu mmoja mtu mzima alinikuta kwenye tuta akasema niwaulize bata kama baba atapata kazi. Sikumjibu. Ganzi ina faida yake.

Mwezi wa nane walikuja madaktari wa macho kutoka nje ya mkoa, wakatangaza na makanisani na misikitini. Mama hakumwuliza. Alimpangia nguo. Baba alimwuliza daktari kama kimeiva, na daktari, mama mmoja mwenye haraka, alimwambia, "Baba, hili si embe." Walimtoa mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia kwanza, la kushoto akaambiwa arudi.

Alipotolewa bandeji alikuja nyumbani amevaa miwani nyeusi, na kwa siku kadhaa hakusema chochote kuhusu anachoona. Tulikuwa tunaogopa kuuliza. Mimi nilikuwa nimevaa sare, natoka shule, alipovua ile miwani akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Sketi yako siku zote ni ya bluu?"

"Ndiyo, baba."

"Nilijua nyeusi." Akavaa tena miwani. "Twende lambo."

Nilimwambia limekauka. Akasema twende.

Kiangazi kilikuwa kimelila lambo. Katikati lilibaki dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, na pembeni tope limepasuka vipande vipande kama vigae. Yungiyungi zilikuwa nyuzi kavu. Bata hawakuwepo, hata mmoja, wa rangi yoyote.

"Wameondoka?" akauliza.

"Wameondoka."

"Kweli safari hii?"

"Kweli, baba. Wanakwenda ziwani, kule Kalemela, kwenye matete. Mvua ikinyesha wanarudi."

Alitazama lote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuharakisha. Nilijua anachofikiria. Tajiri alikuwa amemwambia aje msimu ujao ili ionekane kama anaona, ndipo wazungumze. Na hakukuwa na bata wa kujipimia.

"Una kalamu?" akasema.

Kwenye begi nilikuwa na ya bluu na nyekundu, zile za kawaida zenye vifuniko. Akaniambia nivuke dimbwi, nikasimame pale wanapokaaga kwa gogo, niwe naweka kalamu mdomoni, yeye atasema rangi. Nilijua tunavyoonekana kwa mtu yeyote atakayepita. Nilivuka. Tope lilinishika viatu. Nikageuka, nikauma kalamu kwa kifuniko.

"Bluu," baba akasema kutoka ng'ambo.

Nikampa mgongo, nikabadilisha.

"Nyekundu. Rudi nyuma zaidi."

Nikarudi nyuma.

"Nyekundu tena, unanidanganya."

Ni kweli nilikuwa nimerudia ileile. Nikarudi nyuma tena, mpaka kwenye matete yaliyokauka. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanakuja na yule mchungaji alikuwa anatutazama. Nikaweka ya bluu, akasema bluu. Nikaweka nyekundu, akasema nyekundu. Halafu nikaziweka zote mbili mfukoni, nikageuka, nikamtazama bila kitu.

Akavua miwani nyeusi, akaweka mkono juu ya nyusi.

"Hapo hujaweka kitu," alisema. Akaendelea kutazama. "Ila mdomo unakucheza, mayu. Nini?"

Nikaugusa kwa vidole. Ulikuwa unacheza kweli.